Uziwi wa Kurithi: Somo Kutoka Adamorobe

Leo tunazungumzia uziwi wa kurithi.

Katika kijiji cha Adamorobe, kusini mwa Ghana, viziwi wamekuwa wengi kwa vizazi kadhaa, hata kijiji kikawa na lugha yake ya alama. Mwaka 1998, daktari Mghana G. W. Brobby na wenzake walieleza chanzo: hitilafu katika jeni ya GJB2. Jeni hiyo huongoza utengenezaji wa protini iitwayo koneksini 26, inayounda vijia vya kupitishia potasiamu kati ya seli za sikio la ndani. Vijia hivyo visipofanya kazi, sikio hushindwa kupeleka sauti kwenye ubongo ipasavyo.

Mzazi mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo yenye hitilafu husikia vizuri. Lakini baba na mama wote wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mtoto kiziwi.

Kwa hiyo, uziwi huu si laana, wala si kosa la mama. Mzazi, mwanao asiposhtuka kwa kelele, mpeleke hospitali apimwe usikivu mapema, na aanze kufundishwa lugha mapema, ikiwemo lugha ya alama.