Ramani ya Mto Songwe

Wako wadhanio kuwa ramani ni pambo la ukuta wa shule. Lakini sisi tukaao Isongole twajua kuwa mstari mwembamba wa wino waweza kumtenga mtu na shamba la mjomba wake.

Zamani, kusini ya mto, ilikuwako njia iliyoitwa Njia ya Stevenson. Ilianzwa mwaka 1881, ili mizigo ipate kuchukuliwa toka Karonga, kwenye Ziwa Nyasa, hata Ziwa Tanganyika. Haikumalizika kama ilivyokusudiwa, lakini Waingereza hawakukubali iingie mikononi mwa Wadachi. Basi katika mapatano ya tarehe 1 Julai, 1890, iliandikwa kuwa mpaka upande Mto Songwe mpaka pale unapokutana na digrii 33 za mashariki. Mapatano yalitiwa sahihi Berlin; na mto uko huku!

Sasa, digrii haionekani chini kama kijito. Kwa hiyo mwaka 1898 walikuja wapima wa pande zote mbili, na kwa Waingereza alikuwapo Kapteni Close. Mpima hutazama nyota kwa darubini apate kujua mahali aliposimama. Kisha hupima mstari mmoja ardhini kwa uangalifu mwingi, akapanda kilima, akapima pembe za vilima viwili vingine. Akijua upande mmoja wa pembetatu na pembe zake, hesabu humpa pande zilizobaki, wala hana haja ya kukanyaga bonde. Tena vyombo hivyo vizito havikupanda vilima kwa miguu yao. Vilibebwa na wapagazi, ambao ramani haiwataji.

Baada ya mwaka 1946 nchi ilipigwa picha toka katika eropleni. Picha mbili za mahali pamoja, zikitazamwa pamoja kwa chombo chake, huinua vilima mbele ya macho, ndipo mchoraji huandika mistari ya kimo. Mistari ikisongamana, jua kuwa hapo mtelemko ni mkali. Mtu wa Ileje haihitaji ramani kumwambia hayo, magoti yake yamekwisha kumwambia.

Lakini karatasi hukaa, na mto hauketi. Huko chini, katika uwanda wa Kyela, Songwe huhama njia yake wakati wa mafuriko, na mkulima aliyelala Tanzania huamka akaona shamba lake li ng'ambo ya maji. Ndiyo sababu Tanzania na Malawi zimeunda kamisheni moja ya bonde la mto huu, na wapima wamerudi tena kingoni.