Namna ya Kuishi na Ndugu Tuliyetengana Naye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru)



Halmashauri imetuagiza tuseme machache juu ya mapatano baina ya Wakristo waliotoka katika nyumba moja. Neno hili halikuchaguliwa kwa utamu wake. Lilichaguliwa kwa sababu ya mkesha uliofanyika mtaani Bondeni, ambapo mwanachama mwenzetu alilala jenezani huku makundi mawili ya waimbaji yakishindana kwa sauti, na wachungaji wawili wakigombea nani aombe. Gari la kumpeleka marehemu kwao Nyanza lilingoja kwa muda wa saa tatu. Mjane aliketi katikati, asijue amsikilize nani. Hatutataja makanisa hayo. Kila mmoja wetu na ajipime mwenyewe.

Yafaa vijana wetu wajue kwamba magawanyiko ya namna hii yana historia. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda ulifika Kenya katika miaka ya 1930, ukaenea sana miongoni mwa Waanglikana. Uliwafundisha watu kuungama makosa yao waziwazi na kuombana radhi. Wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, wako ndugu wa uamsho waliokataa kula kiapo, nao wakakataa vile vile kushika silaha. Na wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Hayo ni mambo ya kuheshimiwa. Lakini huko Nyanza wako walioona kwamba mtu aliyeokoka alimdharau mwenziwe asiyeshuhudia wokovu kwa namna yake. Ubishi ulikua, hata mwaka 1957 Mchungaji Matthew Ajuoga na wenzake wakatoka, likazaliwa Kanisa la Kristo katika Afrika. Wafuasi wake waliitwa Johera, yaani watu wa upendo. Miaka minne baadaye, 1961, Dayosisi ya Nakuru ilianzishwa, Askofu Neville Langford-Smith akiwa wa kwanza. Nao watu wetu waliokuja huku kufanya kazi za reli na za mashamba walikuja na imani yao, na baadhi yao walikuja na ugomvi wao pia.

Tazameni basi: upande mmoja ulijulikana kwa kuungama, na upande wa pili kwa upendo, hata hivyo hawakuweza kukaa pamoja. Hakuna jina jema linalotosha kumlinda mtu na ulimi wake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Mtu atauliza, Je, mnataka sote turudi katika kanisa moja? Hilo si shauri la chama hiki. Twakumbuka habari za Ibrahimu na Lutu. Wachungaji wao waligombana, na nchi haikuwatosha. Wakaachana, kila mtu akaenda upande wake. Lakini Lutu alipotekwa, Ibrahimu hakusema, Huyo si wetu tena. Aliwachukua watu wake akaenda kumwokoa. Kutengana kulikuwako, na undugu ulikuwako.

Nasi tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, maelfu ya watu wa mji huu walikimbilia Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho. Usiku ule wa baridi, aliyepewa blanketi hakumwuliza mtoaji aliabudu wapi. Mwezi wa Februari viongozi wa Baraza la Taifa la Makanisa ya Kenya walikiri hadharani kwamba walikuwa wameelemea pande za siasa. Na mwaka 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin walitia sahihi mapatano ya amani hapa Nakuru, baada ya mazungumzo ya miezi mingi. Ikiwa hao waliweza, sisi tunaogombea nyimbo tuna udhuru gani?

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mashauri manne mbele yenu. Kwanza, katika kila msiba familia iulizwe mapema, na utaratibu uandikwe. Mchungaji wa marehemu aongoze, na wa kanisa la pili apewe nafasi ya salamu. Pili, tuwaite wenzetu kwa jina wanalojiita wenyewe, tuache majina ya dhihaka. Tatu, mwenye neno na mwenziwe amwendee kwanza peke yake, kisha na shahidi mmoja au wawili, kabla ya kulileta mkutanoni. Nne, kabla ya kulipinga shauri la mtu, tulieleze hivi kwamba yeye mwenyewe akisikia aseme, Ndivyo nilivyosema.

Lakini tusidanganyane. Mapatano si kifuniko. Aliyekula fedha za kanisa atoe hesabu, na aliyemdhuru mtoto apelekwe penye sheria. Adabu ya maneno haimwondolei mtu dhambi ya matendo.

Mwisho, hatuwezi kuwashauri wengine kuungama nasi tukanyamaza. Sisi tunaoandika kumbukumbu za chama tulikosa. Katika taarifa ya mwaka juzi tuliorodhesha waliochangia msiba wa mzee wetu mmoja, tukawaacha akina mama wa kanisa la pili, ingawa fedha yao ilipokewa na kukatiwa risiti. Hatukusahau. Tulikuwa na hasira. Akina mama hao wamo mkutanoni leo, nasi twawaomba radhi mbele ya wote. Mchango wao umeandikwa katika ukurasa wa hesabu wa kitabu hiki, mahali ulipopaswa kuwa tangu mwanzo.

Wazee wetu, penye ninyi hapaharibiki neno. Mashauri haya tumeyaweka mikononi mwenu.