Mvua Kubwa Ikija, Nani Asimamishe Daladala?



Nimeombwa nizungumzie usafiri wakati wa dhoruba. Wenzetu wa nchi za baridi wakitangaziwa theluji kubwa milimani, haachiwi kila mtu aamue lake. Kwenye Donner Pass, katika milima ya Sierra Nevada huko Marekani, dhoruba ikichachamaa polisi huzuia magari, na hata siku ambazo njia iko wazi dereva anaweza kutakiwa kufunga minyororo kwenye matairi. Theluji yetu iko Kilimanjaro, haimkwamishi mtu wa huku kwetu Boko. Sisi tunakwamishwa na maji.

Tahadhari tunazipata. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa, wala nahodha hakuambiwa atumie busara yake. Barabarani ni tofauti. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kubwa, dereva anabaki yeye na hesabu ya bosi, ile fedha anayodaiwa kila jioni.

Tusifichane: siku ya mafuriko, hesabu ndiyo inayoshika usukani. Mnaijua hali ya barabarani hapo Basihaya maji yakijaa. Konda anakunja suruali, anatangulia kupima kina kwa miguu yake, dereva nyuma anakanyaga mafuta injini isizime. Wakivuka, abiria wanashangilia. Simlaumu konda, kazi ile ni ya kiume. Lakini anapima kina tu. Kasi ya maji haipimi, na kama lami imeliwa chini haoni. Maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika sentimita 30 tu, yanaweza kuliinua gari dogo. Yakifika 60 yanabeba magari mengi, makubwa yakiwemo. Aprili 2024 jijini Arusha, gari la shule lilitumbukia kwenye korongo lililofurika, watoto wakafa.

Desemba 2011 Dar es Salaam ilipigwa na mvua ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 50. Waathirika wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, hapa jirani. Mjadala uliofuata ulikuwa wa makazi zaidi. Usafiri, kwa maoni yangu, haukupewa uzito wake, kana kwamba mtu akishahamia mlimani hashuki tena kwenda kazini.

Pendekezo langu ni dogo. Kila kivuko cha barabarani kinachojaa maji kiwe na watu wawili waliochaguliwa na mtaa, wenye kamba na nguzo iliyochorwa sentimita, na wakisema gari lisipite, lisipite. Polisi wa barabarani washirikishwe mapema, ili neno la hao wawili liwe na nguvu. Ila watu hao watatukanwa bure kama dereva anajua jioni atadaiwa fedha kamili. Kwa hiyo siku ya tahadhari kubwa hesabu isidaiwe, na hilo liandikwe kwenye makubaliano.

Wenye magari mliomo humu, naomba mlijibu hili la hesabu kabla hatujaenda kunywa chai.