Barabara ya Novemba Si Ile ya Juni

Ninyi wa bodaboda mliopanga pikipiki hapo steji ya Kiminini, leo nawalenga ninyi. Nimechoka kuona jambo lile lile: kijana anatoka njia ya ndani, simu imebanwa kwenye helmeti, anaongea, na anaingia barabara ya Kitale–Webuye bila hata kugeuza shingo. Ukimgombeza, anakujibu, "Mimi hupita hapa kila siku."

Hatari iko hapo hapo kwenye mazoea.

Ubongo hauwi makini kwa kiwango kimoja siku nzima, ungechoka. Hukisia kwanza kama mbele pana shida, kisha ndio unajikaza au unalegea. Thomas Bayes, mchungaji Mwingereza ambaye andiko lake lilichapishwa mwaka 1763 akiwa amekwisha kufariki, alituachia hesabu ya kukisia: ulichokuwa ukiamini kirekebishe kwa unachokiona sasa. Mwaka 2014 Jiefeng Jiang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitumia hesabu za aina hiyo kueleza jinsi ubongo unavyopandisha na kushusha umakini.

Jambo hilo huonekana katika jaribio la tangu 1935, la mwanasaikolojia Stroop. Unaonyeshwa neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, utaje rangi ya wino. Unajikwaa. Mitego ya namna hiyo ikiwa mingi, ubongo unajiandaa na kujikwaa kunapungua. Ikiadimika, unajiachia.

Sasa wewe, tangu Juni unakatiza pale na hukuti kitu. Oktoba inaingia, mahindi yanavunwa, malori ya magunia yanakimbilia Kitale, jioni trekta linavuta trela lisilo na taa hata moja. Nawe bado unaendesha kwa makisio ya Juni! Mambo yakibadilika haraka, ubongo hutakiwa kuyaacha ya zamani upesi na kuamini ya sasa. Utayaonaje, na akili yote iko kwenye simu?

Mama nawe, umepakia watoto watatu wa shule, halafu unamhimiza dereva, "Kata tu, tumechelewa!" Kata nini?

Mkifika barabara kuu, wekeni mguu chini, tazameni upande wa Kitale na upande wa Webuye, kila mara. Na wewe abiria, dereva akipokea simu mkiwa njiani, mwambie asimame ushuke.