Nyasi Zenye Ncha na Malisho ya Kiangazi



Mvua zinapokatika na nyika ya Usangu kugeuka kahawia, mbuzi waliochungwa penye udongo wa kichanga hurejea zizini wakiwa wamejaa mbegu zenye ncha. Wataalamu wa mimea huziita nyasi hizo Heteropogon contortus. Mkulima wa mpunga atazitambua kwa ndevu zake, ila hizi ni ndefu zaidi, nyeusi, nazo husokotana kama kamba.

Undevu huo ndio mtambo wake. Ukilowa hujinyoosha, ukikauka hujisokota, na kwa kujizungusha huko mbegu huzama udongoni mithili ya kekee. Hila hiyohiyo hufanya kazi katika ngozi ya mnyama. Ncha hupenya, huingia machoni, hujeruhi ufizi; kidonda hutunga usaha, na ngozi iliyotobolewa hushuka bei. Kondoo huumia zaidi. Huko Queensland, Australia, nyasi hizi ni miongoni mwa sababu zilizowafanya wafugaji wa karne ya 19 kuacha kondoo na kufuga ng'ombe.

Hata hivyo, kuziita gugu si haki. Zikiwa changa ng'ombe huzila vizuri, na zikikomaa hufaa kuezekea. Jambo la kuzingatia ni wakati: zilishwe au zikatwe kabla ya kuchanua, na kondoo wahamishiwe kwingine mbegu zinapokauka.

Wapo wanaoamini kuwa kiberiti ndicho dawa. Moto huunguza majani, lakini mbegu zilizokwisha kujichimbia hulala salama chini, na eneo linalochomwa mara kwa mara huzidi kuwa lao. Kinachopotea ni malisho ya Agosti hadi Novemba. Ng'ombe mwenye njaa hafahamu mpaka wa shamba, na ugomvi wa mkulima na mfugaji bondeni humu mara nyingi huanzia hapo. Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inatambua utengaji wa maeneo ya malisho. Eneo likishatengwa na kisha likachomwa, kutengwa kwake hakumfai mtu.

Mnyama aliyeingiwa na mbegu jichoni apelekwe mapema kwa afisa mifugo. Undevu usivutwe kwa nguvu, kwani hukatika na kuiacha ncha ndani.