Wajibu wa Mwenye Mbwa kwa Jirani Yake

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Dodoma na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wakaazi wa mtaa. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wasomaji wetu wa Visiwani, hasa watumishi wanaopangiwa kazi Bara, na kwa kila mwenye kufuga mbwa popote alipo.)





Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulionea haya kulitaja mbele ya watu, nalo ni kinyesi cha mbwa. Nawaomba radhi wale wanaoona kuwa hilo si neno la kutamkwa barazani. Lakini jambo tunalolikanyaga kila siku lisiwe zito kulitamka.

Ndugu wananchi, mji huu ulitangazwa kuwa makao makuu ya nchi yetu mwaka 1973. Kwa miaka mingi ulikua pole pole. Mwaka 2016 Serikali ilitoa uamuzi wa kuhamia hapa, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya Jiji. Kuanzia hapo mambo yakenda mbio. Sehemu za Mtumba, Ihumwa na Iyumbu, ambako watu walizoea kuona mashamba ya mtama na malisho ya mbuzi, zimejaa nyumba, kuta na mageti. Mtumishi aliyehamia pembezoni mwa mji, akawa anatoka asubuhi na kurejea magharibi, huhitaji ulinzi. Na mlinzi aliye rahisi kupatikana ni mbwa.

Sikuja kumlaumu mtu kwa kufuga mbwa. Wenyeji wetu Wagogo wamefuga mbwa tangu zamani, wakilinda mbuzi na ng'ombe wao dhidi ya fisi. Na sisi tuliosoma chuoni tumefunzwa habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa sababu ya kumnywesha maji mbwa aliyekuwa na kiu. Kwa hiyo mbwa ana haki yake. Ninalotaka kulisema ni kwamba na jirani ana haki yake.

Mbwa wa mfugaji alikuwa na pori pana. Mbwa wa geti hana pori. Mchana kutwa amefungwa bandani. Usiku hufunguliwa, na mara nyingi geti huachwa wazi kidogo ili apate kutoka nje na kujisaidia. Alfajiri hurudi. Mwenye nyumba huamka akaukuta ua wake ni safi, akashukuru, wala hajui kwamba uchafu wake uko mlangoni kwa mwenzake.

Nitawasimulia yaliyonifika mimi mwenyewe. Nilipokuwa nimepanga nyumba katika mtaa mmoja wa mji huu, nilitoka alfajiri moja kwenda msikitini, giza bado limetanda, nikakanyaga kinyesi kibichi cha mbwa. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, najisi ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Nikarudi nyumbani kuosha mguu na kandambili. Nilipomaliza, jamaa walikuwa wamekwisha kusali. Jambo hilo likanifika mara ya pili, na mara ya tatu. Nikamwendea jirani yangu kwa hasira. Yeye ni mtumishi kama mimi, mtu wa bara, Mkristo, mwenye heshima zake. Akanijibu kwamba mbwa wake hatoki nje kamwe, na kwamba hao niwatafute ni mbwa wa barabarani. Tukaachana kwa ubaridi, na kwa muda wa wiki mbili salamu zetu zikawa za kutikisa kichwa tu.

Hatimaye kijana wake wa ulinzi alimweleza ukweli, kwamba kila usiku hufungua geti. Jirani akaja kwangu mwenyewe kuniomba radhi. Lakini alikuwa na neno. Akasema, "Mzee wangu, mimi nimekosa. Lakini na wewe siku ile ya Idi uliyochinja, matumbo na mapafu ya mbuzi uliyatupa pale korongoni. Mbwa wa mtaa mzima walikusanyika pale siku tatu, na wangu akiwemo." Ndugu zangu, sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli niliyatupa. Na baadaye nilipouliza kwa watu wa mifugo, nikafahamu kwamba kosa langu halikuwa dogo kuliko lake.

Naomba sasa nieleze kwa nini, maana watu wengi hudhani kinyesi cha mbwa ni karaha tu, ya pua na ya macho.

Kwanza, iko minyoo ya mviringo ya mbwa, ambayo hupatikana zaidi kwa watoto wa mbwa, kwani huipata kwa mama yao kabla hata hawajazaliwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Siku yanapotoka hayajawa tayari kumwambukiza mtu. Huhitaji wiki mbili, tatu au zaidi ardhini. Yakishakomaa yanaweza kukaa udongoni kwa miezi na hata miaka. Mtoto anayechezea mchanga kisha akatia mkono kinywani huyameza, na viluwiluwi vyake hutembea mwilini, vikafika kwenye ini, mapafu, na wakati mwingine kwenye jicho, vikaliharibu.

Pili, iko minyoo ya safura ya mbwa. Viluwiluwi vyake hungoja katika mchanga wenye unyevu, vikapenya ngozi ya mtu anayetembea pekupeku, vikaacha mchirizi unaowasha na kusogea siku hadi siku.

Tatu, na hapa ndipo lilipo kosa langu, iko tegu ndogo ya mbwa. Mbwa huipata anapokula mbichi maini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yaliyo na vifuko vya maji vya ugonjwa huo. Tegu hukaa katika utumbo wa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa tayari kuambukiza saa hiyo hiyo. Mtu akiyameza kwa njia ya mikono, mboga au maji, hupata uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, unaokua taratibu kwa miaka bila ya yeye kujua, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Basi anayemtupia mbwa matumbo mabichi na anayeacha kinyesi cha mbwa njiani wanashirikiana kuzungusha ugonjwa mmoja.

Nne, wako nzi. Wilaya ya Kongwa, katika Mkoa wetu huu, inajulikana na wataalamu wa macho duniani kwa sababu ya utafiti wa ugonjwa wa vikope uliofanyika huko tangu miaka ya 1980, ambao mwaka 1995 ulionyesha faida ya kuwaosha watoto nyuso. Nzi wanaopenda kutua machoni mwa watoto huzaana katika kinyesi kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Kinyesi cha binadamu ndicho kinachowazaa kwa wingi zaidi, lakini utafiti uliofanywa Gambia na kutangazwa mwaka 2001 uliwakuta wakizaana katika kinyesi cha mbwa vile vile.

Nipambanue jambo moja ili tusitiane hofu. Kichaa cha mbwa hakiambukizwi kwa kinyesi. Huambukizwa kwa mate, hasa kwa kuumwa. Dawa yake ni chanjo ya mbwa kila mwaka, na kwa aliyeumwa ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni na kukimbilia hospitali siku ile ile.

Ndugu wananchi, yupo atakayesema: "Dodoma ni kukavu, jua litakausha." Ni kweli kwamba jua kali na ukavu huua mayai mengi. Lakini mbwa hachagui kujisaidia juani tu. Hutafuta kivuli cha mwarobaini, ukingo wa bustani, na mchanga laini wa korongo. Na hapo ndipo wanapokaa watoto, ndipo tunapopanda mchicha, na ndipo akina mama wa vijiji vilivyo pembezoni wanapochimba visima vya mchanga wakati wa kiangazi ili wapate maji. Tena mvua zetu huja msimu mmoja tu, kuanzia Disemba hadi Aprili au karibu na hapo. Zinapoanza kwa kishindo, hukokota yote yaliyolundikana miezi saba barabarani na mitaroni, zikayapeleka katika makorongo hayo hayo. Tunachokiacha mlangoni kwetu, mwingine hukiteka kwa kata.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zinagusa uchafu unaodhuru watu, na Serikali za Mitaa zina mamlaka yake. Lakini hakuna Afisa Afya atakayeweza kulala katika kila geti. Jiji la New York, huko Marekani, lilianza mwaka 1978 kuwalazimisha wenye mbwa kuokota kinyesi chao mitaani. Mji wenye mamilioni ya watu hauwezi kumwekea kila mbwa askari wake; kazi kubwa hufanywa na jicho la jirani na haya ya mwenye mbwa. Haya hizo sisi tunazo tangu malezi yetu. Tumefunzwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani, na kwamba anayechafua njia ya watu au kivuli chao hujitafutia laana. Wenzetu Wakristo nao wamefunzwa kumpenda jirani kama nafsi zao.

Kwa hiyo nawaomba tushike mambo yafuatayo:

1. Mbwa asitolewe nje ya geti peke yake. Atengewe pembe moja ndani ya ua, au atembezwe kwa kamba na mtu mzima mwenye chombo cha kuokotea.

2. Kinyesi kiokotwe siku ile ile, kabla mayai ya minyoo hayajakomaa. Tumia chepe, au karatasi ya gazeti kuukuu, au kipande cha mfuko wa saruji. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, Zanzibar tangu mwaka 2006 na Bara tangu Juni 1, 2019, isiwe kisingizio. Usishike kwa mkono mtupu.

3. Kitupwe katika choo cha shimo, au kifukiwe katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi ndani ya ua wako, mbali na kisima, tangi la ardhini na bustani ya mboga, na kila mara kifunikwe kwa udongo. Kisitupwe mtaroni, korongoni wala kwenye kiwanja kitupu. Kisitumiwe kuwa mbolea ya mboga.

4. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi hiyo. Kazi hii isiachiwe mtoto. Akiifanya kijana wa ulinzi au msaidizi wa nyumbani, apewe chepe, viatu na sabuni, kwani na yeye ana mwili.

5. Mbwa apewe dawa za minyoo kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo. Watoto wa mbwa huanza mapema, wakiwa na umri wa wiki mbili.

6. Tunaochinja majumbani, iwe Idi, Krismasi au arusi, matumbo, maini na mapafu tusiyoyatumia tuyafukie kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Tusimpe mbwa vitu hivyo vibichi.

7. Jirani akilalamika, asikilizwe kabla ya kujibiwa. Na anayelalamika aanze kwa salamu, afike mlangoni, na asiende kwa Mwenyekiti wa Mtaa ila baada ya kushindwa kuelewana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nirudi kwa jirani yangu. Alichimba shimo nyuma ya banda la mbwa wake, akalifunika kwa bati. Mimi nikachimba langu, na Idi iliyofuata nikafukia humo nilichokuwa nikikitupa. Gharama yake kwa kila mmoja ilikuwa ni asubuhi moja ya Jumamosi na chepe ambalo yeye aliniazima. Mbwa wake aliendelea kubweka usiku, na kwa kusema kweli alinilinda na mimi pia. Nami nikaenda alfajiri msikitini, nikarudi, bila ya kuangalia chini kwa hofu.

Wengi wetu tumekuja katika mji huu kutoka mbali: Pwani, Ziwa, Nyanda za Juu, Unguja na Pemba. Hatukuchaguana kuwa majirani. Kazi ya Serikali ndiyo iliyotukutanisha. Kuanzia usiku wa leo, kila mwenye mbwa akaangalie geti lake kabla ya kulala.