NETI ILIYOGAWIWA NA NETI ILIYOTUNDIKWA

Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia

Tumeombwa tuzungumze juu ya sayansi na mipango ya serikali. Mada yenyewe inatisha kidogo, mtu anafikiri ni mambo ya watu wa makoti meupe huko Nairobi. Sisi tutaanza na kitu kilichoko juu ya kitanda chako: neti ya mbu.

Kati ya 1993 na 1995 watafiti wa KEMRI na wenzao walifanya majaribio kule Kilifi. Vijiji vingine vilipewa neti zilizotiwa dawa, vingine vikangoja. Wakahesabu watoto, wakahesabu na vifo. Penye neti, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa thuluthi moja. Baadaye Asembo na Gem, upande wa Nyanza, majaribio mengine yakaonyesha kwamba hata nyumba isiyo na neti ilipata kinga ikiwa iko ndani ya meta 300 kutoka kwa majirani wenye neti, kwa sababu mbu wenyewe walipungua. Hebu fikirini hapo. Neti ya jirani inakulinda wewe!

Basi ilijulikana kwamba neti inafanya kazi. Swali likabaki: itafikaje nyumbani? Zilikuwa zikiuzwa madukani. Tangu 2004 zikauzwa pia katika kliniki kwa shilingi 50, kwa akina mama waja wazito na watoto wadogo. Hoja ilikuwa ile mnayoijua: kitu cha bure hakithaminiwi, ukimpa mtu bure ataenda kufunikia vifaranga. Ilisemwa na watu wenye elimu, tena kwa uhakika sana. Hata katika vikundi vyetu imesemwa.

Lakini maneno ya namna hiyo yanaweza kupimwa, na yalipimwa. Watafiti walizunguka nyumba katika Bondo, Kisii, Kwale na Makueni. Mwanzoni, 2004, walikuta watoto 7 hivi kati ya 100 ndio wanaolala chini ya neti yenye dawa. Mwaka wa 2006 serikali ikagawa neti milioni 3.4 bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa 67 kati ya 100, na watoto wa nyumba maskini kabisa wakawa karibu sawa na wa nyumba zenye uwezo. Waliolala chini ya neti hizo, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 44.

Mwaka wa 2007 kukawa na jaribio lingine katika kliniki za magharibi mwa Kenya. Kliniki nyingine zilitoa neti bure, nyingine zikatoza kidogo, mpaka shilingi 40. Shilingi 40 tu, jamani! Kumbe kati ya kila akina mama 100, kama 60 ambao wangeichukua bure waliondoka mikono mitupu. Kisha watafiti wakaenda nyumbani kuangalia. Waliopewa bure walikuwa wameitundika sawasawa na wale waliolipa. Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kwamba neti zigawiwe bure au kwa bei ya chini sana, na mfano walioutaja ulikuwa Kenya.

Tunataka mwone jambo moja hapa. Hawa watu hawakuridhika na daftari la stoo linalosema neti ngapi zimetoka. Waliingia nyumbani wakatazama kama imetundikwa na nani amelala chini yake. Neti iliyogawiwa na neti iliyotundikwa ni hesabu mbili, na ripoti nyingi tunazosomewa kwenye baraza ni za ile ya kwanza. Ni hivyo hivyo kwa visima. Utasikia kaunti imechimba visima kadhaa. Sasa uliza: vingapi vinatoa maji leo?

Na kuuliza ni haki yenu. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayekuja kulia Juni, bajeti iko mezani tayari.

Shida ni kwamba tunaenda mkutanoni na sentensi moja: “Tuna shida ya maji.” Afisa anaandika, na chini yake anaandika shida ya maji ya kijiji kingine. Pelekeni daftari. Nyumba ngapi. Dakika ngapi kwenda na kurudi mtoni, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Pampu imekaa siku ngapi bila kufanya kazi tangu Januari. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake, halafu walinganishe. Msiruke nyumba ya yule mliyekosana naye.

Tena msiongeze nambari ati ndiyo kaunti isikie. Afisa akija akute nyumba 60 na nyinyi mliandika 90, daftari lenu halitafunguliwa tena.

Pia hesabu huzeeka. Sehemu nyingi mbu wameizoea dawa ya neti za kwanza, ndiyo maana siku hizi kuna neti zilizoongezwa dawa ya pili. Daftari la miaka mitatu iliyopita ni historia, rudieni.

Tumeleta madaftari, kila kikundi moja, na waandishi watabaki baada ya chai tuyapige mistari pamoja. Kabla ya hapo, tunaona mama mmoja pale nyuma ameinua mkono. Karibu mama, uliza.